Kumiliki motohomu kubwa Marekani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mimi na mke wangu tuko mwaka wa saba na motohomu ya dizeli ya futi 38, yaani karibu mita 11.6. Kabla ya hapo niliendesha malori huku Marekani kwa miaka mingi. Kila penye harusi, hitima au kisomo cha Waswahili, lazima mtu anivute pembeni aniulize habari za hili gari. Maswali ni yale yale, basi nimeyaandika. Utaona neno "uzito" linarudi karibu kila mahali, kwa sababu ndilo linaloamua leseni, tairi, breki na hata kiasi cha maji utakachobeba.

## Mwanzo kabisa

Motohomu ina tofauti gani na karavani?

Motohomu ina injini na usukani wake. Karavani huburutwa na gari jingine. Marekani hizi zote huitwa RV, ndiyo maana tangazo la RV linaweza kuwa la kitu kisicho na injini kabisa. Soma tangazo mpaka mwisho kabla ya kupiga simu.

Aina A, B na C ni nini?

Aina A ina umbo la basi. Kiwandani hujengwa juu ya chesisi tupu: za petroli nyingi hukaa juu ya chesisi ya Ford F-53, na za dizeli juu ya chesisi ya Freightliner au Spartan, injini ikiwa nyuma. Aina B ni basi dogo la mizigo lililowekewa kitanda na jiko ndani. Aina C ina kichwa cha gari la kawaida, mara nyingi Ford E-450, na kitanda juu ya dereva. Ukurasa huu unahusu zaidi aina A na zile C kubwa.

Kwa hiyo motohomu ya aina C huendeshwa kwa leseni daraja C?

Hapana, herufi zimegongana tu. Aina ya motohomu ni lugha ya viwanda na wauzaji. Daraja la leseni ni sheria ya jimbo. Kosa hili nimelisikia hata kwa watu waliokwisha kulipa amana.

Petroli au dizeli?

Motohomu ya petroli ni nafuu kununua, na fundi yeyote wa malori madogo ataijua. Dizeli ya nyuma ni tulivu zaidi kwa dereva, hupanda milima bila kulalamika, na kwa kawaida huwa na breki na springi za upepo. Lakini oili yake ni ndoo nzima, vichujio ni vingi, na fundi wake ni fundi wa malori makubwa. Anayesafiri wiki tatu kwa mwaka namshauri petroli. Anayetaka kuishi ndani au kuvuka milima ya magharibi kila msimu, dizeli itamlipa.

Inakula mafuta kiasi gani?

Aina A hutembea maili 6 hadi 10 kwa galoni, sawa na kilomita 2.5 hadi 4 kwa lita. Ukipunguza mwendo kutoka maili 70 hadi 60 kwa saa utaona tofauti kwenye risiti. Hakuna kifaa cha kuongeza kwenye tenki kitakachokupa zaidi ya hapo.

Ninunue mpya au iliyotumika?

Iliyotumika, na kabla ya hapo kodi moja kwa wiki nzima mkakae humo familia yote. Motohomu mpya hupoteza thamani haraka sana miaka ya mwanzo, na ndiyo miaka hiyo hiyo kasoro za kiwandani hujitokeza. Gari la miaka mitano hadi kumi lililotunzwa limekwisha kurekebishwa na mmiliki wa kwanza. Lipa mkaguzi wa kujitegemea apande juu ya paa, awashe kila kitu na achukue sampuli ya oili ya injini. Muuzaji akikataa mkaguzi, ondoka.

## Leseni

Je, nahitaji leseni ya biashara, yaani CDL?

Kwa matumizi yako binafsi, kwa kawaida hapana. CDL imewekwa kwa ajili ya kazi. Lakini kutokuhitaji CDL si sawa na kusema leseni yako ya kawaida inatosha. Watu wengi wanaishia kwenye nusu ya kwanza ya jibu hili.

Basi jimbo langu linataka nini?

Majimbo mengi yanakubali leseni ya kawaida. Baadhi yameweka mpaka, na mpaka uliozoeleka ni pauni 26,000, karibu kilo 11,800, za uzito wa juu ulioidhinishwa na kiwanda. Texas ni mfano mzuri: ukizidi hapo unatakiwa kuwa na leseni daraja B isiyo ya biashara, na unafanya mtihani wa barabarani kwa gari la ukubwa huo. California inaangalia urefu: mpaka futi 40 leseni ya kawaida ya daraja C inatosha, lakini kuanzia hapo hadi futi 45 unahitaji daraja B isiyo ya biashara.

Namba inayohesabiwa ni ile iliyoandikwa kwenye kibandiko cha kiwanda karibu na kiti cha dereva, hata kama siku hiyo gari ni tupu. Piga picha kibandiko hicho na uende nacho kwenye ofisi ya leseni ya jimbo lako. Ukiuliza kwa mdomo tu, karani anaweza kukujibu kuhusu gari dogo.

Nikivuka kwenda jimbo lenye sheria kali zaidi?

Leseni halali ya jimbo unaloishi hutambuliwa unapopita majimbo mengine. Tatizo linakuja ukihamia, kwa sababu muda wa kubadilisha leseni ni mfupi: California siku 10, Texas siku 90.

Mimi ni dereva wa lori, nina CDL daraja A. Inatosha?

Ndiyo, kwa uzito wowote wa motohomu. Lakini mkia wa motohomu si wa lori. Nyuma ya ekseli ya mwisho kuna futi kumi na zaidi za mwili zinazoning'inia. Ukikata kulia, kona ya nyuma kushoto inafagia kwenda kushoto. Wiki yangu ya kwanza nilipasua taa ya nyuma kwenye nguzo ya pampu ya mafuta, mimi niliyejiona nimeiva kwa lori la futi 53.

Leseni ya Kenya, Tanzania au Uganda inafaa?

Kwa mgeni aliyekuja kutembea na kukodi, kampuni nyingi huikubali pamoja na pasipoti, na kibali cha kimataifa cha kuendeshea huondoa ubishi. Mkazi lazima awe na leseni ya jimbo, kama ilivyoelezwa hapo juu.

## Uzito, tairi na abiria

Nitajuaje kama nimezidisha uzito?

Pita mizani. Huku hakuna anayekulazimisha kama pale Kibaha au Mariakani, na hapo ndipo hatari ilipo. Vituo vingi vya malori vina mizani ya kampuni ya CAT ambayo kwa pesa kidogo inakupa karatasi ya uzito wa kila ekseli. Pima ukiwa umejaza kama mtu anayesafiri kweli: mafuta, maji, vyakula, watoto, sufuria za pilau.

Kisha linganisha na kibandiko. Uwezo wa mzigo unaobaki huwa mdogo kuliko watu wanavyodhani. Maji safi galoni 100 ni kilo 379. Kama kambi unayokwenda ina bomba, safiri na robo tenki tu ya kupikia na ya choo.

Tairi zangu si vipara, kwa nini fundi anasema zimekwisha?

Kwa sababu tairi za motohomu hufa kwa umri kabla ya kufa kwa maili. Gari linasimama miezi juani, mpira unakauka na kupasuka kwa ndani. Tafuta neno DOT ubavuni mwa tairi, usome tarakimu nne za mwisho: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Baada ya mwaka wa tano zikaguliwe na fundi kila mwaka. Mimi huzibadilisha mwaka wa saba, hata ziwe na meno mazuri. Michelin wenyewe wanataja miaka 10 kuwa mwisho kabisa.

Hili nalisema kwa msisitizo. Tairi ya mbele ya gari la tani 13 ikipasuka kwenye mwendo wa barabara kuu, usukani unavutwa mkononi mwako. Ikitokea, usikanyage breki. Shika usukani kwa nguvu, kanyaga mafuta kidogo gari linyooke, kisha liachie lipungue mwendo lenyewe. Na upepo wa tairi ujaze kulingana na uzito uliopata kwenye mizani, kwa jedwali la kiwanda cha tairi.

Watoto wakae wapi tukiwa njiani?

Kwenye viti vinavyotazama mbele vyenye mikanda iliyofungwa kwenye chuma. Kiti cha mtoto hakifungwi kwenye sofa linalotazama ubavuni. Vile vya meza ya kulia mara nyingi ni mbao tupu chini ya mto, basi inama utazame kabla ya kununua. Matangazo huandika "hulala watu wanane" kwa gari lenye mikanda ya watu wanne. Sheria za majimbo hutofautiana, lakini mwili wa mtoto ni ule ule. Kwetu hakuna anayetembea, anayepika wala anayekwenda chooni gari likiwa kwenye mwendo.

## Barabarani

Nitapita chini ya madaraja yote?

La. Pima urefu wa gari lako kutoka ardhini mpaka juu ya kiyoyozi, uandike namba mbele ya usukani. Aina A nyingi zina futi 12 hadi 13 na nusu. Mjini Durham, North Carolina, kuna daraja la reli lililokuwa na futi 11 na inchi 8, likachuna mapaa ya malori kwa miaka. Mwaka 2019 lilinyanyuliwa mpaka futi 12 na inchi 4, na bado halitoshi kwa wengi wetu. Barabara za "parkway" karibu na New York zimejaa madaraja mafupi, na magari yetu yamekatazwa huko. Ramani ya simu ya kawaida haijui haya. Nunua ramani ya malori au ya RV unayoweza kuingizia urefu na uzito.

Gesi ya kupikia inaruhusiwa kwenye mahandaki?

Si yote. Baltimore ndiyo inayowanasa wengi: mahandaki ya barabara kuu za I-95 na I-895 hayaruhusu mitungi ya propani, yaani hiyo gesi ya kupikia, ya ukubwa tunaobeba. Zamani tulizunguka kwa daraja la Francis Scott Key, lakini lilianguka tarehe 26 Machi 2024 lilipogongwa na meli. Sasa njia ni I-695 upande wa magharibi.

Hifadhi za taifa zinapokea magari makubwa?

Zinapokea, lakini kambi zake ni za zamani na nafasi nyingi ni fupi. Baadhi ya barabara zimefungwa kabisa. Kule Glacier, Montana, barabara ya Going-to-the-Sun kati ya Avalanche na Rising Sun hairuhusu gari linalozidi futi 21. Ndiyo maana wengi huburuta gari dogo (tazama swali linalofuata).

Naweza kuburuta gari dogo nyuma?

Unaweza, na huo ndio uhuru wenyewe: motohomu inabaki kambini, mnakwenda sokoni na gari dogo. Angalia mambo matatu. Kitabu cha gari dogo lazima kiseme linaruhusiwa kuburutwa matairi yote manne yakiwa chini, maana mengi huunguza giaboksi. Lazima liwe na mfumo wake wa breki unaokanyaga pamoja na wako. Na huwezi kurudi nyuma likiwa limefungwa, magurudumu yake yatakata upande na kupinda chuma cha kuburutia. Ukikosea njia, shuka, lifungue, geuza.

Nateremkaje mlima mrefu?

Kama unavyoteremka Kitonga. Weka gia ndogo kabla ya mteremko kuanza, washa breki ya injini kama ipo, gusa breki kwa vipindi. Ukishuka I-70 kutoka handaki la Eisenhower, lililo zaidi ya mita 3,400 juu ya usawa wa bahari, utaona njia za dharura za malori yaliyokosa breki. Hazikuwekwa kwa mapambo.

## Matengenezo

Nimpeleke fundi gani?

Kwanza jiulize kilichoharibika ni gari au nyumba. Injini, breki, giaboksi na springi ni kazi ya karakana ya malori. Friji, paa, pampu ya maji na slaidi, yaani vile vyumba vinavyosukumwa nje, ni kazi ya fundi wa RV. Jenereta ina watu wake. Dhamana pia ziko hivyo: chesisi ina mwenyewe, mwili una mwenyewe, friji ina mwenyewe. Weka namba zao zote kwenye karatasi moja.

Muuzaji mmoja alikaa na gari letu wiki tisa kwa pampu ya maji, akisubiri foleni. Tangu hapo kazi za nyumba tunamwita fundi anayekuja na vifaa vyake mpaka kambini. Si ajabu akatoza zaidi ya dola 150 kwa saa, lakini hulipii kuhifadhiwa, na unasimama hapo hapo ukijifunza. Kwa mwaka mmoja wa kusimama hivyo nilijifunza nusu ya kazi ninazozifanya sasa mwenyewe.

Kitu gani huharibu motohomu haraka zaidi?

Maji ya mvua. Paa lina matundu mengi: viyoyozi, mabomba ya hewa, vioo, antena. Gundi inayoziba kingo hupasuka kwa jua. Maji yakishaingia, mbao za ukuta huoza kimya kimya, na ganda la nje huanza kuvimba kama chapati. Hapo thamani ya gari imekwisha.

Panda juu kila miezi mitatu. Safisha, tafuta nyufa, ongeza gundi inayolingana na aina ya paa lako. Usitumie silikoni ya dukani, kwa kuwa gundi nyingine haishiki juu yake, na siku ukitaka kurekebisha utalazimika kuikwangua yote. Nusu saa ya kazi hii ina maana kuliko pesa zote utakazotumia kwenye mapambo.

Umeme wa ampea 30 na 50 una tofauti gani?

Ampea 30 ni waya mmoja wa moto wa volti 120, jumla wati 3,600. Ampea 50 ni nyaya mbili za moto, jumla wati 12,000, zaidi ya mara tatu. Kwa 30, kiyoyozi na oveni ya maikrowevu pamoja tayari ni matatizo.

Ukitaka soketi ya ampea 30 nyumbani, mwambie fundi umeme waziwazi kuwa ni ya RV, volti 120. Inafanana na ya mashine ya zamani ya kukaushia nguo, ambayo ni volti 240, na mafundi wazuri kabisa wamewahi kuifunga hivyo. Kila kilichowashwa ndani huungua. Kambini nako, chomeka kwanza kilinda umeme kiipime nguzo ya soketi.

Friji ya gesi haipoi, imekufa?

Huenda gari limelala upande. Friji za gesi zinategemea amonia kuteremka kwa uzito wake, na zikiwashwa muda mrefu kwenye mteremko huharibika kweli. Weka pima maji ndani ya friji, nyoosha gari, subiri mpaka kesho kabla ya kuita fundi.

Jenereta inawaka kisha inazima?

Mara nyingi ni petroli iliyooza kwenye kabureta kwa kukaa bila kutumika. Iwashe kila mwezi kwa saa mbili ukiwa umewasha kiyoyozi, isizunguke bure.

Matenki ya choo yanamwagwaje?

Kwenye kituo cha kumwagia, glovu mkononi. Anza na maji ya choo, kisha fungua ya sinki na bafu yasafishe bomba. Ukiwa kambini, valvu ya choo ibaki imefungwa mpaka tenki likaribie kujaa. Ukiiacha wazi, maji hukimbia na uchafu hubaki chini ukigeuka zege.

Na baridi ya kaskazini?

Ndugu wa Minnesota na Maine, hili ni lenu. Kabla ya barafu ya kwanza mwaga maji yote, likwepeshe tenki la maji moto, kisha sukuma dawa ya waridi ya kuzuia kuganda, ile ya mabomba ya maji ya kunywa, mpaka itoke kila bomba, pamoja na bafu la nje linalosahaulika. Kamwe usitumie ya injini, ni sumu. Betri za lithiamu zisichajiwe zikiwa chini ya nyuzi sifuri.

## Mambo ya pembeni

Naweza kuiegesha nyumbani?

Miji na vyama vingi vya wenye nyumba vinakataza gari kubwa kuonekana barabarani. Uliza kwa maandishi kabla ya kununua, na ongeza kodi ya uwanja wa kuhifadhia kwenye hesabu zako.

Naishi kwa green card. Naweza kuhamia ndani ya motohomu moja kwa moja?

Unaweza, lakini shughulikia anwani kwanza. Asiye raia hutakiwa kuijulisha idara ya uhamiaji kila anapohama, ndani ya siku 10. Na anayeomba uraia anatakiwa awe ameishi angalau miezi mitatu kwenye jimbo au wilaya ya uhamiaji anakopeleka maombi. Sanduku la barua la South Dakota au Florida, wanalotumia Wamarekani wanaoishi barabarani, halithibitishi kuwa unaishi huko. Kama ombi lako liko njiani, ongea na wakili wa uhamiaji kabla ya kuuza nyumba. Bima nayo ibadilishwe iwe ya mtu anayeishi ndani ya motohomu muda wote, la sivyo hasara inaweza kukataliwa.

Nikistaafu, naweza kuipeleka Mombasa?

Naulizwa hili kuliko yote, na najua linavyouma, maana nami niliwahi kuliota. Kenya haisajili gari la usukani wa kushoto isipokuwa ya kazi maalumu, wala haipokei gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Ukipita hapo, viyoyozi na oveni ni vya volti 120 na mizunguko 60 kwa sekunde, wakati umeme wa Kenya ni volti 240 na mizunguko 50. Vipuri vya mwili wake havipo sokoni. Anayetaka motohomu ya kuzungukia nyumbani aanze na lori dogo la usukani wa kulia lenye injini ambayo fundi wa Voi au Korogwe amewahi kuifungua, kisha ajengewe nyumba juu yake huko huko.